Wilhelm Aliondoka, William Akabaki

Kampuni inayochimba almasi wilayani Kishapu imekuwa ikiitwa Williamson tangu mwaka 1942, lakini ukikaa Songwa au Maganzo utalisikia jina hilo kwa nadra. Watu husema Mwadui. Mtu ameajiriwa Mwadui, jiwe limetoka Mwadui, na hata timu ya soka iliyowahi kucheza Ligi Kuu ilijiita Mwadui. Williamson ni jina la kwenye hati, mikataba na taarifa za wenye hisa. Ndani ya neno hilo la hati limejificha jina la mtu, William, lililozaliwa katika lugha za Kigermaniki, ukoo uleule uliozaa Kijerumani, Kiholanzi, Kiingereza na lugha za Skandinavia. Jina hilo liliingia nchini kwetu mara mbili, kila mara kwa sura yake. Kwanza lilikuja likiitwa Wilhelm, likafuatana na askari na wachora ramani. Baadaye likaja likiitwa William, safari hii kwa njia ya daftari la ubatizo na la mahudhurio ya shule. Wilhelm amefutika karibu kila mahali alipoandikwa. William yumo katika familia za Usukuma kuanzia Shinyanga hadi Geita, na hakuna anayemshangaa. Wapo wanaodai kwamba yote mawili ni alama moja ya ukoloni. Naona hawajatazama vya kutosha jinsi kila moja lilivyofika na nani aliyelipokea.

Tuanze na maana, kwa kuwa hapo ndipo wengi huanzia na wengi hupotea. Katika Kijerumani cha kale jina lilikuwa Willahelm, la vipande viwili. Kipande cha kwanza kinabeba maana ya utashi, nia au hamu ya kutenda. Cha pili, helm, ni kofia ya chuma ya vitani, ile ambayo msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaijua kama chapeo katika Waraka kwa Waefeso, na kwa kupanuliwa kikawa na maana ya kinga. Mchimbaji anayevaa helmeti kabla ya kuingia mgodini anavaa neno la mzizi huohuo. Vitabu vingi vya majina huunganisha vipande hivyo haraka na kutangaza kwamba William maana yake ni "mlinzi mwenye nia thabiti". Hapo pana haja ya kusita. Wagermaniki wa kale hawakuunda majina kama mtu anayetunga sentensi. Walikuwa na hazina ya vipande vinavyopendwa, kama vile amani, utajiri, mbwa mwitu, mkuki, utawala na ulinzi, wakavipanga viwili viwili, mara nyingi kwa kuchukua kimoja kwa baba na kingine kwa mama. Askofu Wulfstan wa Worcester, aliyefariki mwaka 1095, ni ushahidi mzuri: mama yake aliitwa Wulfgifu, baba yake Æthelstan, naye akapewa nusu ya kila mmoja. Jina lake likitafsiriwa neno kwa neno linatoa "jiwe la mbwa mwitu", na hakuna mzazi aliyekusudia hivyo. Kilichokusudiwa ni kuonyesha mtoto ametoka kwa nani. Maana ya kwanza ya majina haya, kwa hiyo, ilikuwa ukoo, na maana ya kamusi ilifuata nyuma kwa mbali.

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba hata Waingereza walilipokea jina William kutoka kwa watu waliowashinda vitani. Kabla ya mwaka 1066 watawala wa Uingereza waliitwa Edward, Edgar, Harold, Æthelred. William alikuwa mtawala wa Normandia, mtu wa ng'ambo aliyezungumza aina ya Kifaransa, naye akavuka bahari na jeshi akatwaa taji. Jina lake lilikuwa la Kigermaniki lililokwisha kukaa kwa muda mrefu kwenye ndimi za Wafaransa, ambao wengine wao walianza kulitamka Guillaume. Baada ya miaka mia moja hivi lilikuwa limesambaa kiasi kwamba mwandishi mmoja wa habari za Normandia katika karne ya 12 anasimulia karamu ya Krismasi ambamo wakuu wawili, wote wakiitwa William, walimfukuza kila mgeni asiye na jina hilo, na bado wakabaki mashujaa 110 mezani. Waingereza wa kawaida, wajukuu wa walioshindwa, nao wakawaita watoto wao William, na leo hakuna Mwingereza anayelifikiria kuwa jina la mgeni. Jambo hilo lilishatokea kwao kabla ya kutokea kwetu: jina la mtawala lilipotoka kwenye kiti cha enzi na kuingia jikoni, liliacha kuwa la mtawala.

Sasa tazama Wilhelm alivyokuja Tanganyika. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi kwa chama cha Carl Peters, kikiruhusiwa kudai ardhi kwa mikataba ambayo machifu waliotia alama zao hawakuweza kuisoma. Mjukuu wake, Wilhelm II, alitawala kuanzia 1888 hadi 1918, na jina lake likamwagwa juu ya nchi. Hans Meyer alipofika kileleni Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 alikiita kilele hicho kwa jina la Kaisari Wilhelm. Mji wa Lushoto uliitwa Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm. Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, ikaitwa Bismarckburg, na Tukuyu ikawa Langenburg Mpya. Majina haya hayakumwomba mtu ruhusa. Yaliandikwa Berlin au kwenye boma, yakachapwa kwenye ramani, na wenyeji wakaendelea kusema Lushoto na Kasanga kana kwamba hakuna kilichotokea. Wajerumani walipoondoka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, majina yao yalikosa wa kuyatamka. La kilele lilidumu zaidi kwa sababu ya wapanda milima na vitabu vyao, hadi uhuru ulipofika mwaka 1961 na kilele kikaitwa Uhuru.

Mkazi wa Kanda ya Ziwa atanikatiza hapa, na atakuwa na haki. Mwanza bado kuna mwamba unaoitwa Bismarck, umesimama majini kama nembo ya jiji. Upande wa Geita na Chato ziwa lina ghuba inayobeba jina la Emin Pasha, Mjerumani aliyezaliwa Eduard Schnitzer, na ziwa lenyewe ni la Malkia Victoria. Ikiwa majina ya watawala hufa na watawala, mbona haya yapo? Nakubali kwamba yanaiharibu kanuni yangu kidogo, na sitaki kuyafunika. Lakini angalia yanaishi wapi. Ghuba ya Emin Pasha inaishi kwenye ramani. Mwamba wa Bismarck unaishi kwenye kadi za posta na picha za watalii, na kijana anayepiga picha mbele yake halazimiki kujua kwamba huyo alikuwa kansela. Victoria lina nguvu zaidi kwa sababu mataifa matatu yanalitumia na kulibadilisha kungehitaji makubaliano ya wote, ingawa Nyanza haijawahi kuondoka midomoni wala kwenye majina ya taasisi. Jina la namna hii ni kibandiko. Hudumu mradi hakuna aliyejisumbua kukibandua. Kudumu kwa jina linalorithiwa kuna sababu nyingine kabisa: kila kizazi kinalichagua upya, na kingeweza kuliacha.

William alichaguliwa vipi, basi? Katika Biblia hayumo, wala hakuna jina lolote la Kigermaniki ndani yake. Ndiyo maana wamisionari wa Kiprotestanti waliofanya kazi Usukuma, wakiwemo wa African Inland Mission waliofungua hospitali ya Kolandoto, wametuachia zaidi akina Yohana, Samsoni, Eliya na Daudi. Upande wa Wakatoliki mlango ulikuwa mwingine. Mapadri Weupe walifika kusini mwa ziwa na kujenga Bukumbi mwaka 1883, na pamoja nao ilikuja kalenda ya watakatifu, iliyojaa majina ya Kigermaniki yaliyopokelewa na Kanisa tangu Enzi za Kati: Bernard, Gerard, Edward, Leonard, Alfons, Ludoviko, Ferdinand, na akina William kadhaa, mmoja wao shujaa wa zama za Karolo Mkuu aliyeacha upanga akajenga monasteri ya Gellone mwaka 804. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba paroko ahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakishikilia jina lao, aliongeze la mtakatifu na kuyaandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Kifungu hicho kidogo kina uzito kuliko hotuba nyingi. Kilikuwa na shuruti ndani yake, sikatai, ila hakikuwa na amri ya kulifuta jina la nyumbani, na mtakatifu gani achukuliwe ilikuwa juu ya mzazi, msimamizi au katekista. Askofu wa kwanza wa Jimbo la Shinyanga, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, aliitwa Edward McGurkin, na Edward ni jina la Kiingereza cha kale lenye vipande vya mali na ulinzi. Mtoto aliyeitwa kwa jina la askofu wake alikuwa akivaa, bila kujua, jina la wafalme walioishi Uingereza kabla ya Wanormandi.

Kuna atakayesema kwamba nimemkwepa Mwingereza. Wilhelm alikuja na himaya ya Kijerumani, sawa, lakini William naye hakuja peke yake: tangu baada ya vita hadi 1961 Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, na shule za madarasa ya juu zilifundisha kwa Kiingereza. Kweli, utawala ndio ulioamua kwamba daftari la darasa liandikwe William badala ya Wilhelm au Gulielmus wa Kilatini. Hata hivyo, utawala haukuwa na mfalme wa kumsukuma. Mfalme wa mwisho wa Uingereza kuitwa William alifariki mwaka 1837, na katika miaka yote ya Tanganyika kiti kilikaliwa na George, Edward, George tena, kisha Elizabeth. Hakuna mlima wala mji uliobatizwa William. Jina liliingia kupitia kwa walimu, makatekista na wazazi waliobatizwa wakubwa. Rais Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa Lupaso karibu na Masasi mwaka 1938, alibeba katikati ya jina lake William wa baba yake, ambaye alikuwa katekista. Hiyo ndiyo njia halisi ya jina hili: limetoka kwa mtu mweusi aliyefundisha dini kijijini kwenda kwa mwanawe, na ofisi ya gavana haikuhusika.

Mfano wa Mkapa unatufikisha kwenye kiini cha jambo, yaani desturi yetu ya majina matatu. Mtanzania huandika jina lake, la baba, kisha la babu au la ukoo. William anayezaliwa leo Geita atakuwa jina la katikati la watoto wake na huenda jina la mwisho la wajukuu. Hakuna ofisi iliyopanga hivyo kwa ajili ya majina ya kigeni. Ni mashine yetu wenyewe ya kuhifadhi ukoo, na lolote linaloingizwa ndani yake linasagwa kuwa la ukoo. Na hapa Msukuma na Mgermaniki wa kale wanakaribiana kuliko tunavyodhani. Williamson maana yake ni mwana wa William, na kazi ya kile kipande cha mwisho ndiyo kazi ya neno ng'wana katika Kisukuma, pale Masanja anapotambulishwa kuwa ng'wana Mabula.

Kisukuma pia kinajibu pingamizi linalorudiwa kuliko yote, kwamba jina la Kisukuma lina maana na William ni sauti tupu kwa anayeitwa hivyo. Ni kweli kwamba majina mengi ya Kisukuma husema wazi tukio la kuzaliwa. Mabula ni wa mvua, Bujiku ni wa usiku, Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ni anayefuata baada ya pacha. Lakini Wasukuma huwarithisha watoto majina ya wazee waliotangulia. Mabula aliyezaliwa kiangazi cha Agosti, vumbi likitimka hadi Kishapu, anaitwa hivyo kwa sababu ya babu yake, na mvua ni ya babu. Kwake yeye jina linamaanisha babu. William wa kizazi cha tatu yuko katika hali hiyohiyo. Chukua jina la marehemu Dakta William Ferdinand Shija, mbunge wa zamani wa Sengerema aliyekuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Mabunge ya Nchi za Jumuiya ya Madola kuanzia mwaka 2007 hadi alipofariki mwaka 2014. La kwanza ni la Kigermaniki lililopita Normandia na Uingereza. La pili ni la Kigermaniki pia, la Wagothi, lililopita Hispania. La tatu ni la Kisukuma, la mtoto aliyefuata pacha. Hakuna aliyeliona kuwa jina la Mzungu. Lilikuwa jina la mtu wa Sengerema.

Tukirudi Mwadui, ndipo tunapoona namna ya tatu ya jina kudumu, nayo haina heshima ya hizo mbili nyingine. John Thorburn Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1907, aliutambua mwamba wa Mwadui mwezi Machi 1940. Ni bomba la mwamba wa volkano lenye ukubwa wa hekta 146 juu ya ardhi, mojawapo ya makubwa kabisa duniani kati ya yanayochimbwa kwa faida. Mwaka 1947 lilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia binti mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Williamson alifariki Mwadui mwezi Januari 1958 akiwa na miaka 50. Hakuoa. Mwana wa William hakuacha mwana, ndugu zake wakauza hisa kwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika kwa nusu kwa nusu, na jina likabaki kwenye kampuni. Limepita mikononi mwa dola, likarudi kwa De Beers, likaenda kwa kampuni ya Petra, na hakuna mwenye kampuni aliyelifuta. Sababu si mapenzi kwa marehemu. Jina hilo linauza. Mwezi Oktoba 2022 jiwe jingine la waridi kutoka mgodi huohuo, la karati 11.15, lilinadiwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57, na wauzaji walikuwa wameliita Williamson Pink Star, wakilihusisha na lile la harusi. Neno Mwadui halikuonekana kwenye jina la jiwe. Hapa malalamiko ya wakazi yangekuwa na msingi kuliko yanapoelekezwa kwa kijana anayeitwa William: ardhi ilitoa jiwe, soko likalipa sifa jina la mtu.

Wanaotaka tuachane kabisa na majina ya ubatizo wana mfano wa jirani wa kujifunza. Mwaka 1972 Mobutu, ambaye hadi hapo alikuwa Joseph-Désiré, aliamuru raia wa Zaire, Kongo ya leo, watupe majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga na akalazimika kwenda uhamishoni kwa muda. Wakongo walitii kwenye vitambulisho. Utawala ulipolegea mwanzoni mwa miaka ya 1990, majina ya zamani yakajitokeza tena, na leo huko Bukavu na Goma utawakuta akina Guillaume, ndugu wa William kwa mzizi, waliopitia Ubelgiji badala ya Uingereza. Mobutu alitaka kuondoa majina ya mtawala wa kigeni, lakini alitumia mbinu yake ileile, amri kutoka juu, na ikamrudi. Kanisa lenyewe lilichukua njia nyingine. Sheria yake mpya ya mwaka 1983 haimlazimishi tena mzazi kuchagua mtakatifu, inakataza tu jina linalokwenda kinyume na hisia za Kikristo. Tangu hapo mtoto anaweza kubatizwa Mabula na kuishia hapo. Wanaoendelea kuchagua William wanachagua bila paroko kuwashika mkono, mara nyingi kwa sababu babu aliitwa hivyo.

Mwaka 2009 De Beers ilipokamilisha kuiuzia Petra asilimia 75 ya kampuni ya Mwadui, serikali ikibaki na 25, Waziri wa Nishati na Madini alikuwa mbunge wa Sengerema, William Mganga Ngeleja. Kwenye makabrasha ya wizara mwaka huo walikuwamo akina William wawili: mmoja ni nembo ya mgodi, aliyehamishwa pamoja na mitambo kutoka mwenye hisa mmoja kwenda mwingine, mwingine ni mtu wa Kanda ya Ziwa, ambaye jina lake lilikuwa chini ya sahihi.